Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine

…ya juzi, tarehe ni ya juzi kabisa, Tek-huat anaisoma mara ya tatu, ameinamia mashine ya wodini utadhani anainusa, nambari ni zilezile, pakiti imepitwa na muda wake juzi na yeye ndiye aliyeiweka hapo kwa mikono yake, fundi vigae wa miaka arobaini kazini ambaye kwenye mashine yake ya kukatia hajawahi kuacha pakiti ipitwe hata siku moja, loh, mzee mzima, pakiti ya kijani ya bisi za mahindi na nazi, ile ya kubembeleza mashine isilete ukorofi, na masharti yake kila mtu anayajua, iwe ya kijani, isifunguliwe, isipitwe na tarehe, hata kompyuta ya manesi pale mezani ina yake… na leo ndiyo siku ya tano tangu upasuaji, leo daktari anafungua bandeji, yuko kitanda cha tatu, kikitoka hicho ni cha nne, kisha ni Siok-un, mkewe, mguu wake wa kushoto umelala juu ya mto, nailoni angavu imeubana, chini ya nailoni sifongo jeusi limenywea, na chini ya sifongo kuna ngozi waliyoikwangua pajani wakaitandaza juu ya nyama tupu, kutoka gotini mpaka kifundoni, na mashine inanguruma taratibu, inafyonza hewa, inafyonza maji, ngozi ikandamizwe, isicheze, ishike, hilo alilielewa kabla daktari hajamaliza kueleza, maana kigae ni hivyohivyo, ukiacha hewa chini yake leo kinapendeza, mwezi ujao unakigonga kinalia tupu… na isiposhika, alimuuliza, daktari akavua miwani, akasema tutarudi tena chumba cha upasuaji, na mara ya pili sijui kama tutauokoa mguu, sijui, daktari mzima anasema sijui…

“We mzee, mbona umeinama hivyo, kiuno kimekamata?”

“Hamna.”

“Hamna nini?” Siok-un anacheka kidogo, midomo imemkauka, siku tano anakula uji mweupe na supu ya samaki bila tone la mchuzi wa soya, eti kovu lisije likawa jeusi, miaka sitini na sita na bado anaogopa kovu jeusi, Mungu wangu, nampenda mwanamke huyu, na sijawahi kumwambia, nitaanzaje sasa… alitaka tangawizi tu, asubuhi ile, nipeleke sokoni mara moja, tangawizi imekwisha, naye amepiga magoti sakafuni, saruji bado mbichi, akajibu ngoja nimalize mistari miwili, alijibu bila kugeuka, hakugeuka, akasikia pikipiki ndogo ya mkewe ikiwaka, ikipunguza mwendo kwenye kona, halafu lori, halafu watu wanapiga kelele, na yeye bado kigae kimo mkononi… mistari miwili… na siku ya pili baada ya upasuaji mashine ikaanza kulia mchana kweupe, ti-ti-ti, hewa inapenya pale kifundoni, nesi Lai akaja na kipande cha nailoni, akaziba, akasema tulia babu, imeshika, lakini nani wa kutulia, akakimbia nyumbani, akainyakua pakiti juu ya mashine yake ya kukatia, akarudi nayo kifuani kama mtoto mchanga, hakusoma tarehe, haraka ileile… aiondoe kabla daktari hajafika? lakini ukiiondoa sasa hivi si ndiyo mashine itaharibika sasa hivi? amwambie? atamwambia nini, kwamba hata hili dogo nimeshindwa…

“Kama ni tarehe, nimeshaiona,” Siok-un anasema, macho kwenye dari.

“Tarehe gani?”

“Usinifanye mtoto. Ya pakiti. Nimeiona tangu juzi.”

“Na hukusema!”

“Ndiyo kwanza ulikuwa umepata usingizi kwenye hicho kiti, siku tatu hujafumba jicho. Ningesema, ungekimbia mji mzima. Nikaona bora niogope mwenyewe.”

Niogope mwenyewe… basi siku mbili hizi alizodhani anamlinda, amekaa hapa anahesabu ngurumo za mashine, kumbe yeye ndiye aliyelindwa, mwanamke amelala na mguu usio na ngozi, anaikodolea macho pakiti iliyokufa, na amenyamaza ili mzee wake asinzie, na mashine haikulia, siku mbili, haikulia hata mara moja… maneno yanatoka kabla hajayapanga.

“Ningegeuka, siku ile.”

“Ungegeuka ungefanya nini? Nilikuwa na haraka zangu. Ila ungegeuka ningefurahi.”

Tek-huat anaishusha pakiti, anaitia mfukoni.

“Sasa hapo juu patakaa nini?” anamuuliza.

“Weka mkono wako. Wewe hujapitwa na muda. Bado kidogo.”

Anaucheka mzaha huo huku macho yamejaa, anaweka kiganja juu ya mashine, inatetemeka vuguvugu mkononi, kule daktari anasema pumua, mama, pumua, bado yuko kitanda cha tatu, na kidole cha Tek-huat kinatamani kuugonga ule mguu asikie kama umeshika, lakini hagongi, hajui, hakuna anayejua bado, anavuta kiti kwa mguu, anageuka, anamtazama mkewe.