Fahali wa Bandani kwa Yussuph

Jumatano ya pili ya mwezi wa nne, mwaka 2004, Sekela alitoka ofisi ya kampuni ya chai baada ya karani, Ezron, kumwambia kwamba meneja amekwenda Mbeya na angerudi saa tisa. Ilikuwa mara ya kumi na moja kuambiwa hivyo. Mvua ilimkuta mtaa wa Bulyaga, mwavuli wake umevunjika vijiti viwili, akajibanza kwenye upenu wa banda la mabati ambalo hakuwahi kuingia. Mwenye banda, Yussuph, alimwona analowa.

“Shikamoo mama. Ingia ndani, utaugua bure.”

“Marahaba. Ndaga, mwanangu,” alishukuru kwa Kinyakyusa.

Ndani kulikuwa na mabenchi mawili, runinga, na mashine ya gemu ambayo Yussuph alikuwa ameileta kutoka Tunduma. Watu saba au wanane walikuwa wamekaa wakitazama mtu mwenye shoka akipanda mlima wa miungu ya zamani. Kila mlango wa mlima ulikuwa na mnyama wake. Mlango wa kwanza ulilindwa na fahali aliyesimama kwa miguu miwili, na kwa siku tisa hakuna mtu wa Bulyaga aliyempita.

Sekela alikuwa amefuga ng'ombe maisha yake yote. Alitazama kwa muda, kitenge kikimchuruzika maji, kisha akasema, bila kumlenga yeyote, kwamba fahali yule anashusha bega la kushoto kabla ya kurusha pembe, na anayelitazama bega hana sababu ya kuogopa pembe. Yussuph akampa kile kidude chenye vitufe na kumwonyesha kipi cha kukwepa na kipi cha kupiga.

Alikufa mara nne. Kila alipokufa, mtu wa shoka aliinuka palepale mlangoni, mzima, na fahali akaanza upya bila kinyongo. Hakuna aliyemwambia arudi wiki ijayo. Mara ya tano alilisubiri bega, akazikwepa pembe kwa hatua moja, akapiga. Kidude kilitetemeka mikononi mwake kama kuku aliyeshikwa miguu, na uzito wa shoka ukampanda mpaka kwenye kiwiko. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana. Akapiga tena, akakwepa, akapiga, mpaka fahali akapiga magoti na kulala.

Muda uleule Husseni, mwenye duka la jirani, aliingia akikung'uta mvua. Aliuliza ni nani mwenye fahali aliyelala amekufa nyuma ya banda, kwa sababu alikuwa amemzibia njia ya choo. Watu wakamtazama Sekela. Sekela akasema, “Nadhani ni wangu.”

Mansuri, muuza nyama, alikuja na visu vyake akauliza kama jina la Mungu lilitajwa wakati fahali anauawa. Sekela alijibu kwamba alilitaja, ila kimoyomoyo na kwa Kinyakyusa, na kwamba yeye ni Mmoravian. Mansuri alilipima jambo hilo, akaamua nyama ile iende kwa Wakristo, na kwamba siku nyingine aitwe mapema akae karibu alitaje mwenyewe. Bwana afya alipasua ini, hakuona minyoo, akagonga muhuri wake wa zambarau. Nyama ilikuwa ngumu na ilitaka kuni nyingi, lakini mchuzi wake ulisifiwa mpaka Kiwira. Saa tisa Sekela alirudi ofisini na fungu lake kwenye jani la mgomba. Ezron alimwambia meneja amepitiliza Kyela.

Alichokuwa akikifuata pale ni shamba lake. Kampuni ilinunua shamba la chai la zamani wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa. Mwaka uliofuata Sekela alikwenda Chunya kwa mwanawe Ackson, ambaye mkewe alikuwa amejifungua, akakaa miezi miwili. Aliporudi, seng'enge ya kampuni ilikuwa imeteremka bondeni na kuimeza migomba yake yote. Katikati ya ile migomba ndipo alipozikwa mumewe, Amoni. Hapakuwa na barua wala mkutano, wala siku ambayo angeweza kuinyooshea kidole aseme ndiyo hiyo. Kaburi alilitazama akiwa nje ya waya, na kila mwezi majani yalizidi kulifunika.

Kuanzia hapo kila Jumatano alipomaliza kuambiwa juu ya meneja alikwenda bandani. Yussuph hakumtoza, maana watu walijaa kumtazama. Mwezi wa tano alimwua ndege mwenye uso wa mwanamke, na ndege huyo akaangukia paa la Husseni na kuvunja mabati mawili. Manyoya yake yakajaza magodoro ya mtaa mzima. Mwezi wa sita ilikuwa zamu ya nyoka wa vichwa saba, aliyeota vichwa viwili kila alipokatwa kimoja, mpaka Sekela alipogundua kwamba vyote vinapumua kwa pamoja na kwamba baada ya pumzi kuna nafasi ya kufika kifuani. Nyoka huyo alilala ndani ya mtaro kutoka Bulyaga mpaka karibu na soko. Mansuri alikuwepo na bismillahi alisema, lakini hakuna aliyetaka nyama ya nyoka. Waliichukua ngozi.

Aliyechukia ni wifi yake, Tulinagwe, dada wa marehemu. Alimfuata nyumbani akamkuta anamenya ndizi, akasema maneno yote aliyokuwa ameyaweka moyoni: kwamba kaka yake amelala chini ya magugu kama mbwa, na mjane wake anakwenda mjini kubofya vitufe pamoja na watu wasio na kazi.

Sekela aliweka kisu chini.

“Wifi, kule mnyama anashusha bega kabla hajapiga. Nikifa, najua nimekosea wapi, na ninarudi mlangoni palepale. Hapa nimepigwa, na mpaka leo sijamwona aliyenipiga.”

Tulinagwe alikaa. Alichukua kisu akamenya ndizi zilizobaki, na Jumatano iliyofuata walikwenda wote.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa jitu lililokaa kileleni kwenye kiti cha mawe, kichwa chake mawinguni. Habari zilienea kwamba Mama Ackson amelifikia, na ndipo kwa mara ya kwanza kampuni ilipomwandikia barua. Ezron aliileta mwenyewe bandani. Ilikuwa na kichwa cha habari, YAH: KUANGUKA KWA MZOGA, nayo ilimwomba kwa heshima ahakikishe mzoga hauzibi barabara ya Kiwira, kwani malori ya majani mabichi yanapita saa zote. Sekela alimwomba Ezron amjibie kwamba si yeye anayechagua mzoga uangukie wapi. Ezron aliandika hivyo, akampa asaini, kisha akaketi benchi la nyuma kutazama.

Sekela alikufa mara kumi na tisa, kwa Jumatano mbili. Jitu lilikuwa na ngumi kama kontena, na lilipopigwa vya kutosha lilisimama, likawa jingine, lenye mwendo mwingine wa kujifunza upya. Sekela alikasirika, akacheka, akaomba maji. Kila kifo kilimwachia kitu kidogo: kwamba linavuta pumzi kabla ya ngumi ya pili, kwamba likiumia linajikinga jicho. Mansuri alikaa kushoto kwake akisubiri zamu yake ya kutaja jina. Tulinagwe alikuwa kulia, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Ezron alisahau chakula chake.

“Kulia, mama,” alisema kwa sauti ya chini. “Linakuja kulia.”

Sekela alikwenda kulia, akapanda juu ya mkono uleule uliokuja kumwua, akakimbia juu yake mpaka begani, akapiga jicho. Kidude kilitetemeka muda mrefu, kisha kikatulia.

Waliokuwa wakichuma chai siku hiyo walisema jitu lilitoka kwenye wingu la mlima Rungwe taratibu, kiubavu, kama mgomba uliokatwa chini. Halikuziba barabara. Lililala kuvuka bonde na kuilaza seng'enge ya kampuni hatua arobaini.

Sekela na Tulinagwe waliazima jembe na panga wakateremka. Walipita juu ya nguzo zilizovunjika, wakaingia kwenye migomba. Mlinzi wa kampuni, Lukasi, alikuwa na maagizo juu ya watu wanaoruka waya na wanaoukata, lakini hakuwa na maagizo juu ya waya uliolaliwa, hivyo alikaa juu ya kidole gumba cha jitu akawatazama. Walipalilia kaburi. Walifyeka, wakakusanya mawe yaliyosogea, wakayapanga upya. Tulinagwe alizungumza na kaka yake kwa Kinyakyusa, habari za nyumbani, nani amezaa na nani amehama. Sekela aling'oa magugu yaliyobaki pembezoni.

Jua lilipoanza kushuka Lukasi aliinuka.

“Mama, mafundi wanakuja. Itabidi mtoke kabla hawajafunga.”

“Nimebakiza kona moja.”

“Malizia.”

Alimalizia kona, akafuta jembe kwa majani, wakatoka.

Jitu hilo lilikuwa na umbo la mtu, kwa hiyo hakuna aliyelila. Mwinjilisti Andongwisye alilisomea sala fupi, na mwili ukafukiwa kwenye matuta ya kampuni; msimu ule chai iliota vizuri kuliko miaka yote iliyotangulia. Kwa kuwa nguzo za miti zilikuwa zimevunjika, mafundi walizitoa kwanza mbavu za jitu, wakazichonga ncha, wakazichimbia futi mbili zaidi ya zile za kwanza. Waya mpya ulifungwa juu yake, na kaburi la Amoni likabaki ndani.

Seng'enge hiyo ipo mpaka leo. Mchwa hawaziwezi nguzo zile, na mvua inazidi kuzing'arisha. Asubuhi ng'ombe wanaopelekwa malishoni husimama kuzilamba kwa ajili ya chumvi, na wachungaji huwaacha kidogo kabla ya kuwaswaga mbele.