Aliyekosa Ndiye Anayeokota

Nilipoteleza bafuni na kuvunjika mkono, binti yangu alilia kunizidi mimi. Mkono ukaunga, machozi yake yakakauka, zikabaki amri. Mama, usipande juu ya kiti. Mama, usifunge mlango kwa ndani. Mgonjwa haulizwi uji, nami nilikuwa siulizwi chochote. Mwisho ikaja amri kubwa: nihamie kwake, nyumba yangu wapangishwe watu, na cherehani yangu ifunikwe stoo. Mimi ni fundi niliyewashonea watu nguo tangu ujanani, na ulimi wangu ni mkali kuliko mkasi, lakini mbele ya mtoto mwenye hofu sikuutumia. Nilimwomba kitu kimoja tu.

"Njoo Jumamosi unitazame ukumbini. Kisha uamue."

Ukumbini ndiko sisi wazee wa mtaa tunakochezea mpira wa meza. Alinipeleka muuguzi aliyekuwa akininyoosha mkono. Nilikwenda nimenuna, nikijua ni mchezo wa watoto wa shule. Jamani! Siku ya kwanza kile kimpira cheupe kilinipita kana kwamba sipo. Nilirudi tena kwa hasira tu, na hasira nayo ni dawa. Taratibu bega likalainika, usingizi ukarudi, miguu ikajifunza upya kunibeba hata nikigeuka ghafla. Tena tangu mume wangu afariki sikuwa na mtu wa kumtania. Pale nikampata Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hana haraka na kitu chochote isipokuwa chai.

Sheria ya ukumbi ni moja, na aliiweka muuguzi: aliyekosa mpira ndiye anayeuokota. Hakuna kuokotewa, hata uwe na umri mkubwa kuliko jengo lenyewe. Kuinama na kuinuka, anasema, ni nusu ya mchezo.

Jumamosi binti yangu akaja, akaketi kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Breki alikuwa anajua habari nzima, nilimsimulia mwenyewe. Basi wema wake nusura uniponze. Alianza kunirushia mipira ya kubembeleza mtoto, inakuja yenyewe mpaka kwenye kibao changu. Nilipokosa, alizunguka meza mbio, akaniokotea. Nilipopata, wenzetu wote walipiga makofi. Nikamtupia jicho binti yangu. Alikuwa akinitazama kwa huruma ileile ya wodini.

Nikaweka kibao mezani. "Breki, leo unaumwa?"

"Siumwi, dada."

"Mbona unanichezea kama unalisha kuku?"

Akasogea karibu, akanong'ona, "Si nakusaidia? Nataka akuone umeshinda."

"Nani kakuomba ushindi? Nipige kama unavyonipiga siku zote. La sivyo, leo chai utakunywa peke yako."

Hilo la chai lilimwingia. Mpira uliofuata ulinijia kifuani, na huyo ndiye Breki ninayemjua. Nikakimbilia kushoto, nikakimbilia kulia, nikamwita majina yasiyoandikika. Jasho lilinitoka na nilikuwa na furaha. Kisha mpira mmoja ukagonga ukingo wa meza upande wangu, ukanipita, ukabingirika hadi chini ya benchi, miguuni pa binti yangu. Akainama auokote.

"Acha!" ukumbi mzima ukapaza sauti.

Akaganda. Nikaenda, nikapiga goti, nikapenyeza mkono uleule uliovunjika, nikautoa mpira na kuinuka bila kushika kitu. Magoti yalilalamika kidogo, lakini hayo yanalalamika hata nikiwa nimelala. Binti yangu alikuwa amenyoosha mikono tayari kunidaka. Nilipokwisha kusimama, aliirudisha polepole juu ya mkoba wake.

Nilishindwa, tena vibaya.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," Breki akanikumbusha.

"Kanywe chai yako huko," nikamwambia.

Tulirudi nyumbani kwangu kwa miguu, na njia nzima binti yangu hakunishika kiwiko. Nilifungua mlango. Yeye akabaki kizingitini, akiitazama cherehani yangu pale dirishani.

"Mama," akasema, "wewe unataka kukaa wapi?"

Tangu nianguke, alikuwa hajaniuliza kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yamejaa kinywani, na yote yakayeyuka. Nililia, mtu mzima ovyo.

"Hapa," nikasema. "Hapahapa, mwanangu. Lakini kule bafuni niwekee kile chuma cha kushikia."

Akacheka huku anafuta macho, akachukua futi yangu ya kushonea, akaenda kupima ukuta.