Kitunguu Saumu Kichwani

Kitunguu saumu kilianza kuniwaka kabla shangazi hajamaliza kunifunga mfuko wa nailoni kichwani. Alikitwanga kibichi, akanipaka juu ya mashilingi, yale mabaka ya fangasi yaliyonitoka kichwani, kisha akaniketisha chini ya mashine ya kukaushia nywele ili joto likisukume ndani.

“Kinawaka, shangazi.”

“Kikiwaka ujue kinaua. Tulia.”

“Jamani, nani anakaanga humu?” mteja mmoja akauliza, saluni nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa adabu, machozi yakinichuruzika. Hasira ya kicheko changu kile ninayo mpaka leo.

Sizidharau dawa za mimea. Shubiri ilinipoza muwasho. Maji ya mwarobaini yalinipa usingizi. Lakini mashilingi ya kichwani hujichimbia kwenye mizizi ya nywele, na yangu yalitaka vidonge, nilivyokuja kupewa zahanati maji yameshamwagika. Palipoungua hapajaota hata unywele. Shangazi huwaonyesha wageni kichwa changu na kujisifu, “Huyu nilimponya mwenyewe.”

Siku ile nilivumilia hadi uvumilivu ukaniishia, nikaung’oa mfuko. Kwenye kioo niliona ngozi imetutumka malengelenge. Nyuma yangu nikamwona shangazi akichukua chanuo kilekile alichonichania asubuhi. Akakifuta kwenye aproni, akakizamisha kwenye nywele za binti mdogo aliyeketi kwenye kigoda. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: chanuo kimoja kwa vichwa vyote, na aproni ndiyo sabuni. Wasusi wake wawili nao walishaanza kujikuna.

“Shangazi, hicho chanuo ndicho kinachotuambukiza.”

Akaendelea kuchana.

“Funga mdomo wako,” akasema taratibu, bila kugeuka. “Unakula wapi wewe?”

Nilimtazama mama wa mtoto, aliyeketi pembeni, nikingoja ainuke. Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

“Malizia basi, dada, tunachelewa,” akamwambia shangazi.

Nilimshika yule binti mkono, nywele nusu zimechanwa, nusu zimesimama wima, nikatoka naye hadi barabarani, juani. Mama yake alitufuata mbio, akinitukana matusi ya kila rangi. Niliinamisha kichwa tu, nikamsubiri afike karibu ayaone malengelenge.