Mzee Kuo Ahamia Roshani

Jumamosi asubuhi Tsung-yen alifyonza maji ya tangi lake la samaki kwa mpira, akayajaza kwenye ndoo zilizopangwa hadi mlangoni. Matumbawe yalitoka kwanza, kisha mawe, samaki mwisho. Kila kitu alikishika kwa adabu.

"Taratibu, mabosi," aliwaambia samaki. "Mnahamia kwa wakubwa."

Tangi jipya lilisimama kwenye ukuta wa sebule uliokuwa na meza ya udi, yenye kibao cha jina la marehemu baba yake, Mzee Kuo, ambamo roho yake hukaa. Nyumba za mji wa Kaohsiung ndivyo zilivyo, ukuta wa maana ni mmoja. Meza ilikwenda roshani ya nyuma, kando ya mashine ya kufulia.

Msidhani hakuomba ruhusa. Aliwasha udi, akarusha chini vile vipande viwili vya mbao vya kuulizia wafu. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, marehemu amekubali. Vyote vililala kifudifudi. Akarusha tena, kifudifudi. Akarusha tena, vyote chali, maana yake mzee anamcheka. Akaendelea kurusha mpaka mama yake, Bi Yueh-o, akatoka jikoni.

"Wewe, unamuuliza baba yako au unamchosha?"

"Hajanisikia vizuri, Mama."

Mwishowe mzee alikubali. Tangi jipya lenyewe lilikuwa limeshaletwa tangu jana yake.

Tangi la zamani, na maji kidogo ndani, lilisukumwa roshani. Jioni Bi Yueh-o alikwenda kuanika nguo, akamkuta marehemu mumewe ameketi humo, mdogo kama birika, suruali ameikunja hadi magotini. Akamsalimu, akaanika nguo zake.

"Baba yako yuko kwenye tangi," alimwambia mwanawe. "Pale mezani mashine inamtikisa."

Tsung-yen akaenda.

"Baba, huku kuna baridi."

"Hakuna neno. Samaki wamefika salama?"

"Wamefika."

"Hata yule wa manjano?"

"Hata yeye."

"Basi vizuri."

Tsung-yen alisimama pale, mikono hajui aiweke wapi. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Siku ya kumkumbuka marehemu ilipofika, dada yake mkubwa, Shangazi Chin-tsu, alikuja na kuku wa kuchemsha na machungwa. Aliingia moja kwa moja hadi ukutani, akafumba macho, akainama. Alipofumbua aliona amewainamia samaki.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

Tsung-yen akampokea machungwa.

"Niko huku, dada!" sauti ilitoka nyuma. "Pita jikoni, angalia usiteleze."

Kuku aliwekwa juu ya mashine ya kufulia, maana meza ilikuwa imejaa sabuni. Mashine ilikuwa inakamua. Kuku akatetemeka, na maji ya tangi yakamrukia mzee hadi kifuani.

"Tsung-yen! Huna haya? Mtu amekulea, leo unamlisha juu ya soksi zako!"

"Nitamrudisha, Shangazi. Kesho."

"Kwa nini si leo?"

Mzee akainua mkono. "Mwache, dada. Samaki ndio kwanza wamezoea. Wakihamishwa tena watakufa."

Wote wakamgeukia Tsung-yen. Lilitakiwa neno moja tu, na samaki wangempisha mzee pale pale: wafe. Alilijua neno hilo. Lilifika mdomoni. Kisha akachungulia sebuleni, akamwona yule wa manjano akijipitisha kati ya matumbawe.

"Kweli," alisema, macho chini. "Si vizuri kuwasumbua."

Shangazi alichukua mkoba wake, akaondoka bila kula.

Jioni ile Tsung-yen alileta kipasha maji cha zamani, akakifunga kwenye tangi la baba yake, akapima joto kama alivyowapimia samaki. Mzee akasogeza miguu.

"Asante, mwanangu. Umejisumbua sana."

"Usimshukuru," alisema Bi Yueh-o, akikunja nguo.

Lakini mzee alishukuru tena, kwa moyo mmoja. Tsung-yen hakutaka uso wake uonekane. Akazima taa ya roshani, akarudi sebuleni, akamwacha baba yake gizani.