Kaka Yake Ardith

Kaka yangu Delmar hali chakula, anakivamia. Hatujafika hata kwa yule ng'ombe anayechongwa kwa siagi kila mwaka, naye alikwishamaliza soseji mbili za kuvikwa unga wa mahindi, pande la nyama ya nguruwe, na jibini ya kukaanga ambayo tulinunua tule watatu. Haradali ilikuwa imemchora mstari kutoka kola mpaka kitovuni.

"Delmar, jifute basi," alisema Marlys, mkewe.

"Nikijifuta sasa nitajifuta tena baadaye. Ngoja nimalize yote."

"Yote yapi? Maonyesho mazima?"

"Si ndicho tulichojia, mama?"

Nilicheka. Kila Agosti tunafunga mifugo mapema, tunakwenda Des Moines kwenye maonyesho ya jimbo letu la Iowa. Delmar huenda kula, mimi huenda kuangalia farasi, na wifi yangu Marlys huenda kumwita mumewe.

Ni mashindano kamili, msicheke. Mke anapanda jukwaani, anamwita mumewe kama anavyomwita shambani chakula kikiwa tayari, na mume lazima aitikie kutoka katikati ya watu. Asipoitikia, mke hapewi alama. Mwaka jana Marlys alipata utepe wa mshindi wa pili na roho ikamuuma vibaya. Kipupwe kizima alisimama mlangoni pa jikoni akipiga ukelele kuelekea banda la trekta, hata ng'ombe wangu ng'ambo ya barabara wakazoea kuja Delmar anapoitwa.

Kwenye foleni ya maji ya ndimu tukakutana na Rochelle. Alisoma na Marlys, kisha akaolewa na daktari wa meno huko Chicago, na sasa alikuwa amekuja kumwona mama yake. Suruali nyeupe, kwenye maonyesho ya mifugo. Marlys alianza kujishika nywele. Delmar alikuwa nyuma yetu, mkanda ameulegeza, amekumbatia ndoo ya biskuti.

"Na huyu nani?" Rochelle aliuliza, macho kwenye haradali.

"Huyu kaka yake Ardith," Marlys akasema, akinionyesha mimi.

Hapo hapakuwa na uongo, na ndiyo maana ilinichoma. Ningeweza kusema neno. Mdomo ninao, kaunti nzima inaujua. Lakini niliinamia kikombe changu kama mtu aliyeona nzi ndani. Delmar alihamishia ndoo mkono wa kushoto, akajipangusa kiganja kwenye suruali, akampa Rochelle mkono.

"Ndiyo," alisema. "Mimi kaka yake Ardith."

Kuanzia hapo hakula tena. Wale wawili walitangulia, Marlys akicheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho. Nilimnunulia Delmar kipande cha pai ya tufaha, ile anayoiota. Akasema ameshiba. Nimezaliwa naye nyumba moja, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Nitakuja kukusikiliza," Rochelle alikuwa akisema kule mbele. "Lakini huyo mumeo yuko wapi?"

"Atakuja," alisema Marlys, na hakugeuka.

Zamu yake ilipofika, Rochelle alikuwa amekaa mstari wa mbele. Mimi na Delmar tulikuwa nyuma kabisa, mahali petu pa kila mwaka.

"Utaitikia lakini, kaka?"

"Anamwita mumewe," alisema. "Mimi ni kaka yako tu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka.

Marlys alivuta pumzi. "Deeelmaaar! Chakula!" Sauti ilitoka nzuri kuliko siku zote. Watu wakapiga makofi, kisha wakanyamaza kumsubiri mume. Delmar alibaki ameketi. Marlys aliita tena, na safari hii sauti ikamkatika katikati.

"Jamaa kalala!" mtu akapaza sauti.

"Kakukimbia, mama, tafuta mwingine!"

Watu walicheka. Rochelle alikuwa akigeuza shingo huku na huku akimtafuta bwana mwenyewe. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikatamani ardhi ipasuke inimeze, maana kwenye ile foleni tulikuwa wawili, mmoja alisema na mwingine akanyamaza.

Marlys aliteremsha mikono. Hakuita tena, alisema tu, kama watu wanavyosemeshana mezani.

"Rochelle, mume wangu ni yule wa nyuma kabisa. Mwenye haradali. Nilikuficha asubuhi."

Watu wote waligeuka. Nilidhani Delmar atafurahi. Delmar aliinuka polepole, na kabla hajafungua kinywa alivua kofia yake, akaibandika juu ya lile doa, akaishikilia kwa mikono miwili kama yuko kanisani.

"Nipo," alisema, kwa sauti ndogo mno hata majaji hawakumsikia.

Marlys hakungoja alama. Alishuka, akapita katikati ya watu mpaka kwetu, akatoa kitambaa chake na kujaribu kuiondoa ile kofia ili amfute. Delmar akaikaza.

"Acha, mama," alimnong'oneza. "Watu wanaona."