Isale la Aminieli

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Aminieli, hajawahi kuwahi kikao hata kimoja. Siku naondoka kwenda Australia kwa binti yangu Aika, nilimkuta uwanja wa ndege, amefika kabla yangu. Amevaa suti. Mkononi ana jani la isale, amelifunga na gazeti.

"Baba Aika, nimekuja unisamehe."

Sisi wa Masama isale tunalipanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, na makaburini. Aliyekukosea akikuletea, huna ujanja: ukilipokea umesamehe, ukilitupa laana ni yako. Kwa hiyo mikono yangu nikaiacha mifukoni.

"Msamaha unaombwa nyumbani, mbele ya wazee," nikamwambia. "Hapa ni stendi ya ndege."

"Nyumbani ungenifungulia?"

"Ningekufungulia mbwa."

Akacheka peke yake. "Nimelikata kaburini kwa mama Aika. Nimemwomba yeye kwanza." Akalichomeka kwenye mfuko wa juu wa koti langu kama kalamu, akaenda zake. Ruhusa ya kuingia kihambani kwangu hakuomba. Kiongozi gani anaomba ruhusa?

Kosa lake ni hili. Kijiji tulichanga saruji ya kujenga daraja mtoni, maana hospitali iko ng'ambo, na Aminieli mwenyewe anakaa ng'ambo. Yeye akaijengea jukwaa, ili mgeni rasmi apate pa kusimama akituahidi daraja. Akatuahidi vizuri sana, tukapiga makofi. Masika ile ile mke wangu Elinipendo akabanwa na kifua. Mto umejaa. Tukambeba juu ya mlango wa banda la ng'ombe, tukazunguka na njia ya juu, akakata roho hata lami hatujaiona.

Sasa mimi niliyeishia darasa la nne nikakalishwa mbele kabisa ya ndege, wanakokaa mawaziri. Aika ndiye aliyenikatia tiketi, kwa ajili ya goti langu. Unabonyeza kitufe, kiti kinanyooka kinakuwa kitanda, na blanketi unaletewa. Nikalala nikauwaza ule mlango wa banda. Wakubwa wetu husafiri hivi hivi kwenda kujifunza jinsi wenzetu wanavyojenga. Nimeshajua kwa nini wanarudi hawajajifunza kitu: wanalala.

Mhudumu mmoja, binti wa Kenya, akainama. "Shikamoo mzee. Ua lako linanyauka. Nilitilie maji?"

"Marahaba. Siyo ua."

Alishaondoka. Akarudi na glasi, akalichomoa mfukoni mwangu, akalisimamisha mbele yangu. Basi isale la Aminieli likanywa maji kabla mimi sijapata chai.

Tulipobadili ndege Uarabuni ningeweza kulisahau kwenye ile glasi. Nikamwambia yule binti alirudishe mfukoni. Nikajiambia naogopa laana. Kwenye ndege ya pili nikamuuliza Elinipendo kimoyomoyo: huyu bwana amekuomba, wewe umemjibu nini? Mke wangu alikuwa mwepesi wa kusamehe. Ndiyo maana viongozi walimpenda.

Tulipofika, mbwa mdogo wa forodha akaninusa, akaketi miguuni kwangu kama tunafahamiana. Mama mmoja mwenye glavu akapiga simu, akaiweka sauti ya juu. Mkalimani akatokea humo na Kiswahili chake cha Kongo.

"Mzee, anauliza: hii jani ni yako?"

"Ni la mwenyekiti."

"Sasa wewe umelileta ya nini?"

"Sijalileta. Limekuja."

"Ni chakula? Ni dawa?"

"Ni msamaha."

Halafu wakaongea Kizungu weee.

"Anasema hana ubaya na wewe. Lakini mimea haiingii hapa. Utupe wewe mwenyewe kwenye ile pipa."

Nikalishika kwa mara ya kwanza. Pipa liko pale, mdomo wazi. Miaka yote nimeomba siku ya kumtupia Aminieli kitu chake, na sasa serikali nzima ya watu inaniruhusu. Mkono ukagoma. Jani lilikuwa bado bichi, linanuka udongo wa pale alipolala mama Aika.

"Mwambie alichukue yeye," nikasema. "Mimi silitupi."

Yule mama akalipokea kwa mikono miwili, taratibu, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga. Sijapata kuona mwenye mamlaka akipokea kitu cha mwananchi kwa heshima vile, hata kama anakwenda kukichoma.

Nje Aika akanikumbatia. "Shikamoo baba. Mwenyekiti amenipigia mpaka nimezima simu. Anauliza kama umelipokea."

"Mwambie serikali ya huku imelizuia. Mimi nilikuwa bado nafikiria."

"Baba!" Akacheka cheko la mama yake.

Gari lake likapanda daraja, likashuka, likapanda jingine. Nikachungulia chini: hakuna hata tone la maji. Wenzetu wanajenga madaraja hadi pakavu.

"Mwambie nikirudi aniletee lingine," nikasema. "Nyumbani, mbele ya wazee. Nitalipokea kwa mkono."

"Kweli, baba?"

"Kweli. Ila asizunguke na njia ya juu. Apitie mtoni."