Mgeni Aliyeuliza Upande wa Jua

Kazi ya kujibu barua za wageni ilimwangukia Lukresia kwa sababu moja tu: katika kamati nzima, ni yeye peke yake aliyejua kupiga chapa. Mwaka huo wa 1975 watu kadhaa wa mji wa Shinyanga, walimu, wauguzi, mafundi wa reli na wafanyabiashara wa pamba, walijitolea kuandaa tamasha la siku mbili la ngoma na nyimbo za mataifa. Mataifa yenyewe hawakuyafuata mbali. Kulikuwa na Warundi waliokimbilia nchini na ngoma zao, Wanyasa waliolowea huku baada ya kazi za mgodini, Wahindi wa mtaa wa maduka, na mhandisi mmoja wa barabara, Mzungu, aliyesemekana kupiga kodiani vizuri kuliko anavyojenga madaraja. Wasukuma hawakuhitaji kualikwa. Ngoma ikilia, wapo.

Lukresia, ambaye wengi walimwita Mama Kamili kwa jina la binti yake, alipiga chapa karatasi moja yenye kichwa MAELEZO KWA WAGENI, ikadurufiwa nakala mia tatu. Ilisema wageni watalala katika madarasa ya shule, maji yako kwenye bomba nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, na kila mtu aje na sahani na blanketi lake. Alidhani amemaliza. Kisha barua zikaanza kuja. Mmoja aliuliza kama anaruhusiwa kuja na mbuzi wake, kwa kuwa hana wa kumwachia. Mwingine alitaka kujua kama ni kweli Warundi hupiga ngoma huku wamezibeba kichwani. Alijibu zote, moja baada ya nyingine, bila kukuna kichwa.

Barua iliyotoka Ushetu, kule Kahama, ndiyo iliyomkalisha kitako. Ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa daftari, mwandiko umelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo.

"Kwa Mama wa Maelezo. Salaam. Nimeiona karatasi yenu ukutani kwenye ghala la tumbaku. Nitakuja. Nina swali moja. Wapigaji watakuwa wameelekea wapi, na ikifika saa kumi jua litakuwa upande gani wao? Mimi ni kiziwi. Wako, Makoye Mihayo."

Aliisoma mara tatu. Kiziwi anafuata nini kwenye ngoma? Na jua linahusiana vipi na masikio? Akaipeleka kwenye kikao cha kamati.

"Huyo anatutania," alisema Mzee Thobias, mwenyekiti, mstaafu wa reli aliyezoea kuamini ratiba tu. "Mwandikie kwamba jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi. Basi."

Wenzake wakacheka. Lukresia alicheka nao kwa adabu, lakini swali lilikuwa limekwisha kumwingia kama mwiba wa mbigili. Kesho yake, saa kumi alasiri, alikwenda uwanjani pamoja na Theopista, muuguzi waliyeshirikiana naye kazi ya kupokea wageni. Tela la trekta litakalotumika kama jukwaa lilikuwa limeshaegeshwa upande wa magharibi. Lukresia alimwomba mwenzake apande juu yake, naye akaenda kusimama pale ambapo watazamaji wangekaa.

"Sasa imba, au fanya chochote!"

Theopista akaanza kuimba huku akipunga mikono. Lukresia alikinga macho kwa kiganja, wapi! Jua lilimwingia usoni moja kwa moja, na rafiki yake akawa kivuli cheusi kisicho na pua wala mdomo.

"Unanionaje?" aliuliza Theopista.

"Sikuoni kabisa. Naona mti umevaa gauni."

Jioni ile ile alimfuata Mzee Thobias nyumbani kwake. Mzee alinung'unika kwamba tela limeshawekewa mawe magurudumuni, kwamba trekta limerudi shamba, kwamba haya yote ni kwa ajili ya kiziwi mmoja. Lukresia akamwambia kwamba ni kwa ajili ya kila mwenye macho, na kama haamini aende akasimame pale mwenyewe. Akaenda kesho yake. Akarudi akipangusa machozi, na Jumapili baada ya misa wanaume kumi na wawili walilisukuma tela hadi upande wa mashariki. Lukresia akamjibu mgeni wake: "Wapigaji wataelekea magharibi. Jua litawamulika usoni mpaka saa kumi na mbili. Karibu sana."

Siku ya tamasha, Jumamosi ya mwezi wa Julai yenye vumbi na baridi ya asubuhi, Lukresia aliketi nyuma ya meza ya shule chini ya turubai, akielekeza watu vyooni, bombani na kwenye madarasa. Mbuzi alikuja kweli, akafungwa kwenye nguzo ya goli. Jua lilikuwa limeanza kupanda pale sauti ya mwanamume ilipolipuka mbele ya meza, kubwa kuliko ilivyohitajika, ikiamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka! Mimi ndiye niliyeuliza jua!"

Watu waligeuka. Alikuwa mtu wa miaka kama hamsini, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, daftari kwapani na penseli nyuma ya sikio.

"Shikamoo," alisema Lukresia, akisahau, kisha akaona aibu.

"Marahaba," alijibu Makoye, maana hilo alilisoma mdomoni mwake bila taabu. Akaweka daftari mezani na kulifungua. "Mimi nasema, wewe unaandika. Nikipiga kelele sana, nishushie mkono, hivi."

Lukresia hakuweza kungoja. Aliandika: Samahani, baba. Kwa nini umekuja?

Makoye hakuchukia. Alivuta kiti. Ujanani alifanya kazi ya baruti mgodini, upande wa Geita, na kila Jumapili wachimbaji walicheza ngoma za kwao: Wanyasa hapa, Wajaluo pale, Wasumbwa kule. Yeye alizunguka kote akiokota nyimbo, na kufika jioni huwa anajua tatu nne za lugha asizozijua. Siku moja mwaka 1962 alikwisha kuwasha utambi, akakumbuka taa yake, akaifuata. "Kosa langu mwenyewe. Taa niliipata. Sauti sikuipata tena."

Akagonga paji lake la uso kwa kidole. "Humu ndani nyimbo zipo, nazisikia vizuri gete, vizuri kabisa. Lakini ni zile zile. Miaka kumi na tatu, mama! Hata ugali mtu hubadilisha mboga. Nimekuja kutafuta mpya."

Utazipataje? aliandika Lukresia.

"Mapigo nitayaona mikononi mwao. Maneno utaniandikia. Sauti..." Alifikiri kidogo. "Sauti utanieleza ilivyo. Si wewe ndiye Mama wa Maelezo?"

Lukresia alimwachia Theopista meza.

Walikaa mstari wa mbele. Ngoma za Warundi hazikumpa shida. Makoye alizifuata kwa macho huku akijipiga pajani, na mara moja tu akamnong'oneza, kwa mnong'ono uliosikika mpaka nyuma, kwamba yule wa tatu anamwibia yule wa pili mapigo. Ilikuwa kweli. Lukresia hakuwa ameliona hilo.

Saa kumi walipanda Wahindi. Bwana Jivraj, mwenye duka la vitambaa, alikaa chini na kisanduku cha hamoniamu mbele yake, wanawake watatu wa nyumbani kwake wakasimama nyuma. Jua liliwapiga usoni, kila kidole kikaonekana. Makoye aliinama mbele. Chombo hicho hakuwahi kukisikia alipokuwa na masikio.

"Kile kisanduku kinaliaje?"

Kama filimbi nyingi kwa pamoja, aliandika Lukresia haraka.

"Filimbi ya karibu au ya mbali?"

Lukresia akanyanyua penseli. Alikuwa ameusikia muziki ule mara nyingi ukitoka madirishani mtaa wa maduka, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza ulivyo. Alifumba macho akasikiliza. Kisha akaandika: Si filimbi, nimekosea. Ni kama nyuki ndani ya mzinga wakiwa hawana hasira. Mlio wake haukomi. Waimbaji wakivuta pumzi, wenyewe unaendelea kuwangoja.

Makoye alisoma, akamtazama Bwana Jivraj, akasoma tena. "Na wale kina mama, wanapanda au wanashuka?"

Wanapanda polepole kama mtu na ndoo kichwani. Mwishoni wanaanguka ghafla.

Wimbo ulipokwisha, Lukresia alimfuata Bwana Jivraj nyuma ya tela kuuliza maneno. Alifurahi kuulizwa. Wimbo ulikuwa wa bibi yake, alisema, na ulimhusu mwanamke aliyekuta kisima kimekauka lakini ndoo yake imejaa. Lukresia aliyaandika kwa Kiswahili: Kisima kikavu, ndoo yangu tele, mama, nani kanitekea?

"Nani alimtekea?" aliuliza.

"Bibi hakutuambia," alijibu Bwana Jivraj. "Mimi pia nilimuuliza."

Makoye alichukua daftari akajitenga karibu na mbuzi. Kwa muda mrefu Lukresia, aliyekuwa amerudi mezani kwa Theopista, alimwona akipiga paja, akiacha, akianza upya. Kisha akarudi mezani, akashika ukingo kwa mikono miwili, akaimba.

Sauti yake ilikuwa nzito, yenye makwaruzo, lakini haikuyumba. Mapigo yalikuwa yale yale. Mengine yote yalikuwa kitu kingine. Pale kina mama walipopanda polepole, yeye alishuka, hatua kwa hatua, na neno "nani" akalivuta kwa namna ya wachimbaji wanaoitana gizani. Watu waliokuwa wakingoja kuuliza habari za vyoo walisahau swali lao.

Alipomaliza alimkazia macho Lukresia. "Ndivyo ulivyo?"

Lukresia alishika penseli. Uongo ulikuwa rahisi. Neno moja, na mtu angerudi Ushetu na furaha yake. Lakini alikuwa amemjibu kweli tangu barua ya kwanza. Aliandika: Hapana, baba. Hausikiki hivyo hata kidogo. Akaona uso wake ukinywea, akaongeza mbio: Lakini ni mzuri. Usiuache.

Makoye aliutazama ukurasa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Lukresia akashtuka akidhani analia. Alikuwa anacheka. "Basi nimepata mpya kweli kweli! Hata wenyewe hawana!"

Bwana Jivraj alikuwa amesimama nyuma ya watu. "Huo si wimbo wetu," alisema, uso umemkunjamana. "Maneno ni yetu. Sisi tunaimba kama mtu anayebeba maji. Huyu anaimba kama mtu anayechungulia kisimani." Aliondoka, na Lukresia akaogopa kwamba amekasirika. Alirudi na hamoniamu, akaiweka mezani juu ya karatasi za maelezo, akamwashiria Makoye aanze tena, naye akawa anaitafuta sauti yake kwa vidole.

Makoye aliimba mistari miwili akamshika mkono. "Hapo amekosea! Mimi nimeshuka, kidole chake kimepanda."

Bwana Jivraj alimgeukia Lukresia kwa mshangao. "Ni kiziwi kweli?"

"Kweli," alisema Lukresia.

"Basi amesema sawa," alisema Bwana Jivraj, akarekebisha kidole.

Jumapili jioni Makoye aliondoka na lori la Kahama, amekaa juu ya magunia, daftari kwapani. Lukresia alirudi kwenye mashine yake ya chapa na kazi za ofisini. Lakini akipita mtaa wa maduka alijikuta anapunguza mwendo chini ya madirisha, akijiuliza sauti hii ni kama nini na ile ni kama nini.

Mwishoni mwa Agosti ilikuja barua yenye mwandiko ule uliolala.

"Mama Kamili, salaam. Wanawake wanaochambua tumbaku hapa ghalani wameuchukua ule wimbo. Naona midomo yao ikisema 'nani kanitekea'. Lakini mikono yao haiendi nilivyowafundisha mimi. Wamebadilisha kitu, na nikiwauliza wanacheka. Nimeshindwa kujua. Je, unaweza kuja usikilize, kisha unieleze? Utalala kwa mke wangu, Mbuke. Maji yapo. Njoo na blanketi."

Lukresia alimwomba mkubwa wake wa kazi ruhusa ya siku mbili. Alipoulizwa anakwenda Ushetu kufanya nini, alisema kuna kitu anataka kukisikia. Jumamosi, jogoo wa kwanza alipowika, alikuwa kituoni na blanketi lake na daftari jipya, akimuuliza kondakta basi la Kahama linaondoka saa ngapi.